Baridi ya Dar Haina Mtetezi

Kabla hamjaanza kunicheka, naomba mniambie: nani alipitisha kwamba baridi ni mali ya watu wa Njombe na Mbeya peke yao? Maana mimi mkazi wa Kigamboni, kila ikifika Juni nikasema nasikia baridi, natazamwa kama mtu aliyesema kaona papa Dodoma. Mamlaka ya Hali ya Hewa wenyewe kila mwaka wanatoa mwelekeo wa Kipupwe, Juni hadi Agosti, nchi nzima, na Dar imo. Sijaona mahali walipoandika kwamba watu wa Pwani tusijihusishe.

Nakubali, mwezi wa pili nililia joto. Nyuzi 32 mchana, usiku 25, mtu mzima nimelala kwenye vigae sebuleni kama pweza aliyeanikwa. Lakini vigae ni vilevile. Sasa hivi alfajiri nikishusha mguu kitandani, unarudi wenyewe juu kabla sijauita. Nyumba nzima ilijengwa kwa ajili ya kufukuza joto: madirisha nyavu, juu ya kila mlango matofali ya matundu. Fundi alinisifia, "Mzee, hapa upepo utazunguka." Unazunguka kweli. Upepo wa Kusi unatoka huko baharini, unaingia kwa dirisha la chumbani, unanisalimia shingoni, unatokea jikoni, kisha nadhani unageuza.

Hapo ndipo mtu wa Makete anapokosea. Kwao wana moto jikoni, wana blanketi zito kama godoro, wana makoti waliyorithi. Sisi tuna shuka la maua na feni.

Nasema Makete kwa sababu shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alishuka kutoka huko kuja kuona maonyesho ya Sabasaba. Kaja na gunia la viazi, Mungu ambariki, na kaptula mbili. Siku ya kwanza kanikuta barazani nimevaa sweta na mzula, nimekumbatia kikombe cha chai. Akauliza, "Shemeji, unaumwa?" Nikamwambia ni hii hali ya hewa. Akatoa simu, akaangalia, akamwita dada yake aje aone: nyuzi 18. Wakacheka kwa Kikinga, na kucheka kwa lugha usiyoijua kunauma mara mbili. Halafu nikapewa hotuba ya Kitulo, mita 2,600 juu ya bahari, asubuhi majani ya viazi yameungua kwa baridi na watoto wanakwenda shule wanaimba.

Sawa. Lakini wanaoga?

Maana mimi naoga. Maji yangu yanakaa kwenye tangi juu ya mnara, yanapigwa na upepo usiku kucha, na saa kumi na moja alfajiri natakiwa nijimwagie. Watoto wanapashiwa. Mimi nikigusa sufuria naambiwa gesi ina bei. Basi wiki ya pili sasa naoga paspoti: uso, kwapa na miguu, halafu napiga kelele nyingi bafuni ili nyumba ijue nimeoga.

Ndipo nikaenda Karume kwenye mitumba, nikapata jaketi. Jamani, jaketi! Limejazwa pamba, kofia ina manyoya kama simba, mfukoni nimekuta glavu moja, ya kushoto. Machinga alianza elfu ishirini na tano, tukamaliza kumi na tano. Asubuhi ile kwenye kivuko, saa kumi na mbili, giza bado halijaachia vizuri, upepo unakata kutoka mlangoni mwa bahari, watu wamejibana nyuma ya malori kama vifaranga, mimi nimesimama ukingoni peke yangu kama nahodha. Mkono wa kushoto ndani ya glavu, wa kulia mfukoni.

Tatizo la baridi ya Dar ni kwamba haina msimamo. Kufika saa nane mchana ni nyuzi 29, bosi kanituma Kariakoo, na mimi nina jaketi la nchi ya theluji mkononi. Kulivaa siwezi, kuliacha ofisini nawajua wenzangu. Kwenye daladala limejaa siti nzima. Konda akaniuliza, "Mzee, huyu wa pembeni analipa nauli kamili au ni denti?"

Nyumbani vita ilikuwa ya feni. Shemeji analala sebuleni, na hawezi kulala bila feni, anasema Dar kunamchemsha. Namba tatu! Nikisikia kakoroma, nanyata kuizima. Nikishaingia kitandani, nasikia kwe, kwe, kwe, imewashwa. Usiku mmoja tumekutana kwenye swichi gizani, yeye kifua wazi, mimi na mzula. Hakuna aliyesema kitu. Tukaamkiana kama watu waliokutana msibani.

Jumapili akaaga. Tumemsindikiza mpaka stendi, basi la usiku, abiria wa nyanda za juu wamevaa kama wanakwenda vitani. Shemeji akajikuna, akanitazama kifuani. "Shemeji, kule mwezi wa saba hautanii. Hili jaketi huku unalivalia nini?" Nikamgeukia mke wangu anitetee. Mke wangu akaanza kunifungua zipu.

Glavu pia kachukua.

Jumatatu nimevuka na khanga ya mama watoto shingoni, nimejibanza nyuma ya lori la mchanga na vifaranga wenzangu. Mchana nikapita Karume, machinga akanikumbuka, akashusha jingine, la rangi ya kijani. Nikatoa elfu kumi na tano bila kubembeleza. Akaitazama, akanitazama na khanga yangu.

"Elfu thelathini, mzee. Si unaona mwenyewe baridi ilivyo?"