Wiki Moja ya Bahari Haikuwa Anasa

Nimekulia Tanga, na kwetu bahari haikuwa safari. Ukitoka shule unatupa mkoba, unashuka Raskazone na wenzako, magharibi mnarudi na chumvi mgongoni. Ndiyo maana nilichelewa kuelewa kwa nini mfanyakazi wa kiwanda cha nguo kule Lancashire, Uingereza, aliweka akiba senti kwa senti mwaka mzima ili akaone mawimbi kwa siku saba tu.

Nilipoelewa, nilianza kuumia ninaposikia watu wakizisema vibaya familia za Kiingereza zilizoendelea kwenda pwani wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Eti mabomu yanaanguka, wao wanachimba mchanga! Mimi nasema tuwaangalie vizuri watu hao.

Sheria iliyofungua njia ya likizo yenye malipo kwa mamilioni ya wafanyakazi ilipitishwa mwaka 1938. Septemba 1939 vita vikaanza. Haki iliyodaiwa kwa miaka mingi ilikuwa bado mbichi mikononi mwao.

Kiangazi cha 1940, baada ya majeshi ya Uingereza na washirika wake kuondolewa Dunkirk, kaskazini mwa Ufaransa, pwani ya kusini na ya mashariki ikageuka ngome. Fukwe zilifungwa kwa seng'enge za miba na vizuizi vya zege, na mabomu yakafukiwa mchangani. Pale Brighton gati zote mbili za matembezi ziliondolewa kipande cha katikati, adui asije akazitumia kushukia. Silaumu hatua hiyo hata kidogo, kwani hatari ilikuwa ya kweli. Ila gharama yake ilidumu kuliko vita vyenyewe. Mchanga huhama, na bomu lililofukiwa humo huhama nao, kwa hiyo askari waliotumwa kuyatoa walipata kazi ngumu na ya mauti. Mei 1955, miaka kumi baada ya amani, wavulana watano wa shule waliuawa na bomu la aina hiyo ufukweni Swanage. Walikuwa wanacheza.

Lakini pwani yote haikufungwa. Blackpool, upande wa magharibi, ilibaki wazi. Vijana wa jeshi la anga walifanya gwaride kwenye barabara ya ufukweni na kulala katika nyumba zilezile za wageni, na bado familia kutoka miji ya viwanda zikaja, zikibanana kwenye treni. Serikali ilitaka reli ibaki kwa ajili ya askari na silaha. Mabango yakamuuliza kila abiria: je, safari yako ni ya lazima kweli? Halmashauri za miji nazo zikaandaa likizo za nyumbani: bendi kwenye bustani, dansi, michezo ya watoto. Walioandaa walifanya kazi nzuri, na watoto wengi walifurahi.

Hapa ndipo ninapotofautiana na waliodhani bustani inatosha. Likizo ya nyumbani ilikuwa likizo ya nani? Baba akirudi kutoka bustanini anakuta chakula. Watoto wanakuta chakula. Mama ndiye aliyesimama foleni ya nyama asubuhi, akapiga hesabu ya siagi na sukari za mgao, akamenya viazi, akaosha vyombo, kisha akafunga mapazia meusi ili taa isionekane na ndege za adui. Wengi wao walikuwa pia wanafanya kazi viwandani. Bendi ingepiga hata usiku kucha, jiko lake lingebaki palepale.

Kule Blackpool mama huyo alimkabidhi mwenye nyumba ya wageni kuponi za mgao za familia, na kwa wiki moja mwanamke mwingine ndiye aliyevunjika kichwa na ile siagi. (Huyo naye anastahili makala yake, maana likizo ya watu ilikuwa mgongoni mwake.) Mgeni alikaa kwenye kiti akatazama maji, pengine mume yuko vitani Misri au Burma, na kwa saa chache hakuna aliyemuuliza chakula kiko wapi.

Ndiyo, treni zilijaa, na askari alihitaji nafasi. Nalijua hilo. Hata hivyo, mama huyo angesimamishwa stesheni na kuulizwa swali la lile bango, mimi ningemjibia: ndiyo, safari yake ilikuwa ya lazima.