Wanajituma, au wanaogopa?

Kwa wanaojenga hapa Dodoma utasikia sana: "Chukua Warundi, wanajituma. Wenyeji wavivu." Na mimi niliwahi kuyasema hayo, na leo nayakataa.

Nilipojenga Nala, fundi aliniletea saidia fundi wawili kutoka nje ya mkoa. Mmoja alivuka mpaka kutoka Burundi. Mwenzake ni wa Kasulu, Mtanzania kabisa, lakini kwa kuwa Kiha na Kirundi vinakaribiana mno, saiti nzima ilimwita Mrundi. Akalipwa kama Mrundi pia: 8,000 kwa siku, huku vijana wa Nala waliobeba zege lilelile wakipata 12,000. Niligundua tunapaua. Nilipomuuliza fundi, alinijibu, "Hawa hawana maneno, bosi."

Hawana maneno! Kijana wa Nala akipunjwa ana baba mdogo wa kumsemea, ana mjumbe, na akigoma ana pa kulala. Yule Mrundi analala stoo pembeni ya mifuko ya saruji. Ukimtajia Uhamiaji tu, ananyamaza. Anafika alfajiri na kuondoka wa mwisho kwa sababu hiyo, nasi tunamsifu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa 9 kwa siku, 45 kwa wiki, na za ziada zilipwe mara moja na nusu. Ile ya 2015 ya ajira za wageni inamtaka mwajiri aonyeshe kwanza kwamba amemkosa Mtanzania wa kazi hiyo. Sasa nani atamwombea kibali mchanganya zege? Anabaki bila karatasi, bei yake inashuka, halafu kijana wa Nala akidai 12,000 zake anaambiwa wapo wa 8,000. Hasira zake zinamwangukia Mrundi badala ya anayelipa.

Wanaotaka wafukuzwe nawaelewa, ila msako hautampandishia mtu ujira. Wote wakilipwa sawa, hakuna fundi atakayekuwa na sababu ya kumtafuta mwoga. Na mwenye nyumba asiseme hayamhusu kwa kuwa kazi amempa fundi. Hela ni zake.

Niliwalipa wale wawili tofauti yao yote mkononi, fundi akanuna. Yule wa Kasulu alizihesabu mara mbili, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama Jumatatu bado ana kazi.