Saratani Imetibiwa, Moyo Bado

Siku ya mwisho ya mionzi ndugu hufurahi, na wana haki ya kufurahi. Mgonjwa naye hutarajiwa afurahi kuliko wote, na hapo ndipo, kwa maoni yangu, tatizo linapoanzia. Kwa muda mrefu alikuwa na ratiba, wauguzi waliomjua kwa jina na wenzake wa kukaa nao foleni; sasa anarudi nyumbani na kadi ya kliniki, na kila anayemjulia hali anasubiri jibu moja tu: "Namshukuru Mungu, nimepona."

Tuangalie basi anarudi na nini. Nchini Tanzania saratani inayowapata wanawake wengi zaidi ni ya mlango wa kizazi. Mionzi ya nyonga inayoitibu huweza kukomesha hedhi kabla ya wakati wake, kufunga njia ya uzazi kwa ambaye bado alitamani mtoto, na kuubana uke hadi tendo la ndoa likawa maumivu ambayo mke hamwelezi hata dada yake. Aliyekatwa titi na kutolewa tezi za kwapani anaweza kuvimba mkono miaka kadhaa baadaye, asiweze tena kubeba ndoo ya maji. Aliyesafiri kutoka Kigoma hadi hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, huenda akakuta shamba limeuzwa kwa ajili ya nauli na malazi. Juu ya yote hayo kuna hofu: mgongo ukiuma kidogo, usingizi hakuna, kwa kudhani ugonjwa umerudi.

Daktari wa akili wa Australia, David Kissane, amejitahidi kutofautisha kuvunjika moyo kwa namna hii na sonona. Mwenye sonona hukosa raha hata katika mambo aliyoyapenda, ilhali aliyevunjika moyo anaweza kucheka na wajukuu wake mchana kutwa, lakini akiifikiria kesho haoni maana yake, wala haoni mlango wa kutokea. Ndiyo maana hatumtambui: tumemwona akicheka.

Najua nitaambiwa kwamba hospitali zina uhaba wa mashine na wataalamu, kwa hiyo mambo ya moyo yasubiri. Sikubaliani. Kipo kipimo cha mchoro wa kipimajoto chenye namba 0 hadi 10, ambapo mgonjwa huonyesha kwa kidole kiwango cha dhiki aliyoipitia wiki hiyo, na akifika 4 au zaidi muuguzi hukaa naye kuzungumza. Gharama yake ni karatasi. Na ikiwa muuguzi amezidiwa na kazi, Zimbabwe wametuonyesha njia: tangu 2006 daktari Dixon Chibanda amekuwa akifundisha mabibi kusikiliza watu wenye dhiki kwenye benchi nje ya zahanati, na utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba dalili za sonona zilipungua kwa waliohudumiwa hivyo.

Kliniki zetu zina watu wa kazi hiyo tayari, yaani wanawake waliomaliza mionzi miaka iliyopita na ambao mambo ya chumbani watayataja bila kuyazungusha. Wafunzwe, wakae na wanaomaliza leo, na waume waitwe pia. Ila wasiombwe kujitolea, maana wengi wao ndio hao waliouza mashamba. Nauli na posho zao ziingizwe kwenye bajeti ya kliniki pamoja na glavu na pamba.