Matabishi ya ua la kahawa

Kule Kalehe na Idjwi, mashariki mwa Kongo, mvua ya kwanza ikipiga baada ya kiangazi, miti ya kahawa hujaa maua meupe. Siku mbili tatu yamekwisha. Ndani ya maji matamu ya ua hilo mna kafeini ileile ya kikombe cha asubuhi, na hapo ndipo ubishi unapoanzia.

Hapa Bukavu nimewasikia wanafunzi wa biolojia wakihukumu: mti unamlevya nyuki ili autumikie. Wana ushahidi. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, waliwapa nyuki maji ya sukari yenye kafeini kidogo. Ngoma wanazocheza kuwaita wenzao mzingani ziliongezeka mara nne, na nyuki wakazidi kurudi hata chombo kilipokuwa kitupu. Mfugaji akinuna, ana haki. Safari kavu hazijazi mzinga.

Mimi naiita matabishi: unamwachia kijana kitu kidogo ili kesho akukumbuke. Jaribio la mwaka 2013 lilionyesha hivyo hivyo. Baada ya saa 24, nyuki waliokumbuka harufu ya ua walikuwa mara tatu zaidi pale palipotiwa kafeini. Mara tatu! Kwa mdudu anayetafuta riziki kati ya maua yanayofunguka leo na kunyauka kesho, kukumbuka ndiko kula.

Tena tazama kipimo. Kwenye jani na mbegu kafeini ni nyingi, ni sumu dhidi ya wadudu. Kwenye ua iko kidogo, chini ya kiasi ambacho nyuki angesikia uchungu. Nani alipima? Mti uliozidisha ulikimbiwa, ukazaa kidogo. Uliotia kiasi ulirudiwa, ukaacha miche mingi. Basi nyuki ndiye aliyepunguza dozi, kizazi kwa kizazi, kwa kulikataa ua chungu. Mlevi gani hupanga kipimo cha pombe yake? Walaghai hasa ni maua ya okidi: karibu theluthi ya aina zake hazitoi hata tone, zinaiga tu sura au harufu ya chakula, nyingine ya mdudu jike.

Kuna anayeuliza: arabika, aina ya kahawa ya milima yetu, hujichavusha yenyewe, sasa inalipa nini? Swali zuri. Ila mzazi wake mmoja ni robusta, aina nyingine ya kahawa, na robusta haizai bila chavua ya mti mwingine. Hata arabika yenyewe, nyuki wakipita, matawi hubeba zaidi.