Usukani wa 1986, spea za Kariakoo

Kuna mashine ya gemu la magari, OutRun, imeegeshwa Keko, Dar, katikati ya vitanda na makabati ya maseremala, inasubiri kubadilishiwa ubavu wa plaiwudi uliooza kwa unyevu. Ni ile ya kuchezwa umesimama, ya kampuni ya Sega, mchezo wa mwaka 1986 uliobuniwa na Yu Suzuki: gari jekundu, pedali mbili, na unachagua muziki wa redio kabla ya kuondoka. Mwenye nayo ni jamaa yangu, na anataka kila kitu kibaki orijino. Fundi wake anataka kung'oa vyote vya ndani, aweke kompyuta ndogo na kioo bapa, maisha yaendelee.

Fundi ana hoja, tena nzito. Mashine za aina hii nyingi ziliundwa kwa umeme wa volti 100 au 110. Wetu ni 230. Kapasita (vile vihifadhi chaji) zenye karibu miaka 40 zimekauka, na hewa ya chumvi ya Dar haijawahi kumhurumia mtu. Pawa saplai ya kisasa inapokea volti 100 hadi 240 na kutoa 5 na 12 zilizotulia. Kung'ang'ania ile ya zamani kwa heshima tu ni kuiweka rehani bodi, ule ubao wa chipu unaoendesha mchezo. Volti zikipanda, chipu zimekwenda. Hapo sina ubishi, iwekwe mpya. (Transfoma ya kushusha umeme ibaki lakini, maana kioo na mota ya kutikisa usukani havijaambiwa kwamba pawa saplai imebadilika.)

Ugomvi ulianzia kwenye usukani. Nyuma yake kuna rizista ya kuzungusha, ndugu wa ile ya kuongezea sauti kwenye redio, inayoiambia bodi umekata kona kiasi gani. Iliyokuwepo imechakaa. Fundi akaenda Kariakoo, akarudi na mpya kwa bei ya soda mbili, ohm 5,000 vilevile. Tulipowasha, gari likawa linavuta upande mmoja kama lenye pancha. Ukikata kulia linaruka, kushoto halisikii. Nikaigeuza nyuma nikasoma: A5K. Hiyo ni ya sauti kweli. Upinzani wake haupandi kwa hatua sawa, kwa sababu sikio ndivyo linavyotaka. Usukani unataka B5K, inayopanda sawasawa mwanzo hadi mwisho. Herufi moja tu! Jamaa yangu akasema ameona, spea mpya ni balaa. Mimi nilichoona ni fundi aliyenunua kwa macho. B5K mpya itaendesha lile gari vizuri kuliko ile iliyochakaa.

Kwenye kioo ndipo ninapoachana na fundi. Picha za mchezo huu zilichorwa zikitazamiwa kuonekana kwenye chogo, kioo kinene cha TV za zamani. Kwenye kioo bapa vidoti vinageuka matofali, na vile vibodi vya bei rahisi vya kubadilisha mawimbi huchelewesha picha. Kuchelewa kidogo tu, kona imeshakupita. Wanaosema chogo hazitengenezwi tena wana haki, ila Dar tuna kaakiba. Matangazo ya analojia yalipozimwa jijini tarehe 31 Desemba 2012, wengi hawakutupa TV zao, walinunua king'amuzi wakaendelea. OutRun hutumia mawimbi ya takriban kilohezi 15, sawa na TV ya nyumbani, kwa hiyo chogo ya TV inaweza kupandikizwa humo kama koili za shingoni mwake, zinazoelekeza picha, zinaendana na za mashine. Kazi hiyo apewe fundi TV wa zamani, anayejua kwamba chogo hubaki na umeme hata ikiwa imezimwa. Mwenye Daytona USA ya 1994, gemu jingine la magari la Sega, inayotaka kilohezi 24, hana njia hiyo ya mkato. Akiweka kioo bapa sitamlaumu.

Imebaki ile kompyuta ndogo. Fundi anasema bodi ya zamani itakufa siku yoyote. Inawezekana. Lakini leo inawaka, inasoma usukani, inahesabu sekunde. Basi ife kwanza. Na hiyo siku ikifika, kompyuta iunganishwe kwenye plagi zilezile kwa waya wa kati, bila kukata hata uzi mmoja wa asili, na bodi ifungwe kwenye boksi, iwekwe humohumo ndani ya kabati. Fundi amekubali kila kitu isipokuwa plagi. Anasema kukata ni dakika tano.