Nipo Chini

Mimi ni mtoto wa Moshi. Kilimanjaro nimeuona tangu sijaota meno, kila asubuhi mawingu yakikubali, kupitia dirisha la jikoni kwa mama. Kuupanda sijawahi. Mwenye mlima hapandi, anapanda mgeni aliyelipa dola. Lakini kule Nepal mwongozaji wetu aliponiuliza kama nina uzoefu wa milima, nilimjibu kwa sauti nzito, "Kilimanjaro? Ni nyumbani." Akanipa mkono kwa heshima, nami nikaupokea. Sikudanganya. Sikuendelea tu kueleza.

Nepal nilifikaje? Lawama zote kwa shemeji. Mwaka 2019 alipania kuuzunguka mlima Manaslu kwa miguu, maana njia za Everest na Annapurna, alidai, zina foleni kama kituo cha mwendokasi Kimara saa kumi na mbili asubuhi. Manaslu ni wa nane kwa urefu duniani, mita 8,163, lakini njia yake inapita jirani na mpaka wa Tibet, kwa hiyo ina vibali vyake maalumu, na kanuni ya wakati ule ilitaka wageni wasiopungua wawili pamoja na mwongozaji mwenye leseni. Shemeji alikuwa mmoja. Alihitaji wa pili, mwenye pasipoti na asiyejua kukataa.

Basi la kutoka Kathmandu lilitutikisa kutwa nzima hadi Machha Khola, kesho yake tukaanza kuufuata mto Budhi Gandaki kuelekea juu. Mahali pa kwanza kunywa chai, mwenye nyumba, bibi mmoja mwenye kipini puani, alinimiminia kikombe kisha akaniuliza, "Chini?"

Nikatazama chini. Hakuna kitu. Akauliza tena, "Chini?" Nikanyanyua miguu, labda nimekanyaga kifaranga. Aliporudia mara ya tatu nilishainama, nimeingiza kichwa chote uvunguni mwa meza.

"Shemeji," nikasikia sauti juu, "anakuuliza sukari."

Ndiyo. Kinepali sukari ni chini. Siku hiyohiyo nikajifunza na neno la pili. Mpagazi wetu alikuwa kijana wa miaka ishirini hivi, nami kwa heshima ya mjini nikawa namwita "kaka". Kila nikimwita anacheka hadi anatua mzigo. Kumbe kwao kaka ni baba mdogo. Mimi na upara wangu nilikuwa namwamkia mtoto wa watu kama baba mdogo wangu, tena mbele za watu.

Kwa habari za njia yenyewe sitawachosha sana. Ni madaraja ya nyaya yanayoning'inia juu ya mto, na misafara ya nyumbu. Si wale wa Serengeti, hawa ni wale wa punda na farasi, wamebebeshwa mitungi ya gesi na magunia ya mchele. Ukikutana nao unabana upande wa mlima, kamwe si upande wa bondeni, maana nyumbu hana habari na wewe. Mchana wali na dengu, usiku wali na dengu, na sahani ikiisha unaongezewa bila kuulizwa. Mwongozaji kazi yake ilikuwa kutukumbusha "bistari, bistari", yaani polepole ileile wanayoimbiwa wageni kwetu. Mimi nilitabasamu kama mtu anayefundishwa kuogelea kwao Pemba. Kivuko cha Larkya, yaani upenyo wa kuvukia milima na sehemu ya juu kabisa ya safari, ni mita 5,106. Kilimanjaro ni 5,895. Kwa hesabu za dirisha la jikoni, hapo nilikuwa bado sijaanza.

Dharamsala ni mita 4,460. Vibanda vya mawe, mahema machache, upepo. Hapo ndipo unapolala nusu usiku kabla ya kukivuka kivuko, na hapo ndipo kichwa changu kilipoanza kutwanga kisamvu. Nikapewa supu ya vitunguu saumu na amri ya kunywa maji mengi. Nikayanywa. Saa nane usiku maji yakanidai.

Nikavaa tochi ya kichwani, nikamwacha shemeji anakoroma, nikatoka. Njia ya kwenda chooni niliijua. Kurudi ndiko kulikokuwa na mambo. Baridi kali humaliza betri, ndiyo maana wenzangu walilala nazo ndani ya begi la kulalia, zangu zilikuwa zimelala dirishani. Tochi ikawa njano, ikawa nyekundu, ikafa. Nikapapasa ukuta wa mawe. Ukuta ukapumua.

Alikuwa yaki, ng'ombe wa huko milimani. Amelala zake, manyoya yana barafu, akageuza kichwa taratibu kunitazama nani huyu anayemshika kiuno. Nikaruka nyuma. Nyuma hapakuwa na ardhi.

Kishimo hakikuwa kirefu, pengine kimo cha kifua, lakini kilikuwa na theluji iliyoganda na kila nikipanda nateleza. Hewa ya kupigia kelele haipo. Kiingereza changu chote kikaondoka. Nikabaki na lugha niliyozaliwa nayo, nikaita kila nilichonacho:

"Mama weee! Mama! Kaka! Kaka, nipo chini! Chini! Chini!"

Jikoni walikuwa wameshaamka kuwasha majiko kwa ajili ya wanaoondoka alfajiri. Nikaona mwanga unakuja. Nikamshukuru Mungu. Mwanga ukasimama ukingoni, na nyuma yake akatokea mpishi, mzee mwenye masharubu ya kutosha watu wawili. Mkono mmoja kurunzi. Mkono wa pili kopo la sukari, na kijiko ndani.

Tukatazamana. Akachota kijiko kimoja, akanyoosha mkono kunipa.

Nikaona mkono, sikuona kijiko. Nikaudaka, nikauvuta kwa nguvu zote, nikatoka. Kopo likaingia mahali nilipotoka.

Jikoni, nikiwa nimefunikwa blanketi linalonuka moshi, mwongozaji alinitafsiria alichoelewa mpishi. Kaka nilishalijua. Nisilolijua ni kwamba kwao "mama" ni mjomba. Kwa hiyo mzee wa watu alikuwa anakoroga uji wake, akasikia mgeni gizani analia, "Mjomba! Mjomba! Baba mdogo! Sukari! Sukari! Sukari!" Akaona huyu ana shida kubwa, akakimbia.

Asubuhi tulikivuka kivuko, bendera za maombi zinapigapiga, shemeji anapiga picha, mimi natembea bistari kuliko yaki. Lakini kabla ya kuondoka yule mpishi alinishika bega akaniita "bhanja", mpwa wangu, akakataa katakata kulipwa chai. Mwenye vibanda naye akatuletea bili. Kule kila kitu hupanda na nyumbu, hakuna cha kupotea. Shemeji akaisoma mpaka mstari wa mwisho, akanigeuzia karatasi.

"Hapa wameandika sukari kilo moja. Umeifanyia nini?"

"Lipa," nikamwambia.