Kwilti za Hawaii: waliporwa ufundi au waliuteka?

Ndani ya jumba la ʻIolani pale Honolulu kuna kwilti ya Liliʻuokalani, malkia wa mwisho wa ufalme wa Hawaii. Alianza kuishona 1895 akiwa kafungiwa chumba cha juu cha jumba lake mwenyewe, karibu miezi nane, baada ya wafanyabiashara na walowezi, wengi wao wenye asili ya Marekani, kumpindua 1893 alafu wafuasi wake wakajaribu kumrudisha wakashindwa. Kwilti kwa ambaye haijui ni lile shuka zito la tabaka tatu, kitambaa juu, kitu laini katikati, kitambaa chini, vyote vimeshikwa na sindano. Ya malkia ni viraka vya hariri na mahameli vimeungwaungwa ovyo ovyo kwa makusudi, fasheni iliyokuwa inatamba kwa wamama wa Marekani na Uingereza miaka hiyo, na katikati imedariziwa kwamba alifungwa hapo na hapo ndipo ilipoanza kushonwa. Yaani mtu anawapinga Wamarekani kwa mshono wa Kimarekani.

Sasa ishu ndo inaanzia hapo, kwilti ni ya Wahawaii au ni kovu walilowekwa?

Wanaosema ni kovu wana hoja nzito. Kabla ya wageni Wahawaii walikuwa na kapa, kitambaa cha gome la mti unaoitwa wauke, jamii ya mforosadi (Waganda na lubugo lao wataelewa haraka). Unabandua gome, unaliloweka, unalitwanga kwenye jiwe, linaachwa lioze kidogo alafu linatwangwa tena kwenye gogo kwa mchi wa pande nne uliochongwa nakshi, kiasi kwamba ukiinua kitambaa kwenye mwanga unaziona zile nakshi ndani yake kabisa. Juu yake wanagonga mihuri ya mianzi iliyochovywa rangi. Kazi hii ilikuwa ya wanawake, na walikuwa mafundi kwelikweli. Wakaja wamisionari kutoka Boston 1820, wake zao wakaanza kufundisha sindano na nguo ndefu za kufunika mwili, na kufikia mwisho wa karne ya 19 mlio wa mchi ulikuwa umenyamaza karibu visiwa vyote. Ukiwaambia watu hawa kwamba kwilti ni urithi wao mzuri wanaweza kukuuliza, urithi uliokaa kwenye kiti cha nani?

Upande mwingine nao usiudharau. Darasa la kwanza la kushona linalojulikana lilifanyika kwenye meli yenyewe, Thaddeus, Aprili 1820, na aliyekuja na kitambaa ni Kalakua, mmoja wa wajane wa mfalme Kamehameha, bibie kapanda melini na kitambaa chake cheupe anataka ashonewe gauni kama za wale wamama. Kitambaa tayari alikuwa nacho! Wakuu wa Hawaii walishakuwa wanauza msandali kwa mameli na kuchukua nguo za dukani kabla mmisionari hajatia mguu, na dini ya zamani walishaivunja wenyewe 1819. Kwahiyo picha ya wanawake wanyonge walioshikishwa sindano kwa nguvu haikai sawa.

Na walichokifanya na hiyo sindano ndo kinanimaliza mimi. Wamarekani walikuwa wanaunga vipande vilivyobaki kwenye kushona nguo, Wahawaii inasemekana waliona ni kichekesho, kitambaa kizima unakikatakata alafu unakiunga tena, kwanini? Wao wakachukua kitambaa kimoja kikubwa, wakakikunja mara tatu kikawa tabaka nane, kama mtoto anayekata karatasi, wakakata mara moja, ukikunjua ni jani kubwa limetanda kitanda kizima. Linalopendwa sana ni mshelisheli, watu wa Zanzibar mti huu mnaujua. Mishono inayofuata inazunguka ile picha mstari kwa mstari kama mawimbi yanayopanuka. Mchoro ulikuwa mali ya aliyeubuni, kuuiga bila ruhusa ilikuwa aibu. Na jina hawakuliacha, mpaka leo kwa Kihawaii kwilti ni kapa kuiki, kapa ile ile. Baada ya mapinduzi wapo walioshona bendera ya ufalme kwenye mashuka yao, huwezi kumkamata mtu kwa sababu ya shuka la kitandani.

Mimi naegemea huu upande wa pili, kwilti ni ya Wahawaii hakuna ubishi. Ila wenzangu wa upande huu wana tabia moja inaniudhi, wakishathibitisha kwamba sindano haikuua kapa wanafunga faili, kama vile hakuna aliyekufa. Kapa inataka watu na inataka shamba la wauke. Magonjwa ya meli yalifagia watu mpaka sensa ya 1890 ikakuta Wahawaii, pamoja na machotara, kama 40,000 tu, kutoka mamia ya maelfu. Mgawanyo wa ardhi wa 1848 ukaigeuza ardhi kuwa mali ya kumilikiwa kwa hati na wakulima wengi wakabaki bila kitu, mashamba ya miwa yakatanda. Bibi anayejua kutwanga amekufa, mjukuu hana pa kupanda, duka linauza pamba, hapo unamlaumuje au unamsifuje mtu kwa "kuchagua" sindano?

Tofauti ya hizi fani mbili ilionekana wazi miaka ya 1970 Wahawaii walipoanza kuirudisha kapa. Kwilti haikuhitaji kufufuliwa, ilikuwa inapita mkononi kwa mkono, bibi kwa mjukuu. Kwenye kapa mnyororo ulishakatika, ikabidi waende kwenye makabati ya makumbusho kukagua vipande vya zamani na michi ya mababu zao, alafu warudi nyumbani wakajaribu, inachanika, wanajaribu tena, na kwanza kabisa ilibidi wapande wauke.